Una dakika 20 za kutoa mada kwenye mkutano wa hisabati? Anza na samaki

Wadau wa hisabati hapa Mwanza, hasa mnaosoma masta na PhD, naona mkipata nafasi mnakata tisisi nzima vipande vipande mnaibandika kwenye slaidi. Msifanye hivyo jamani.

Nafasi zenyewe zipo. ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia na hisabati) ya Trieste kule Italia, ile aliyoianzisha mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam mwaka 1964, hawatozi ada ya kujisajili na wana fungu la nauli na malazi kwa watu wa nchi zetu, ila halimtoshi kila mtu so omba mapema, na pasipoti iwe mkononi kabla hujaomba, maana barua ya mwaliko ikija ndo uanze kuhangaika na pasipoti afu upande basi kwenda Dar kufuatilia viza, utachelewa.

Sasa mada. Dakika 20 maana yake unaongea 15, zinazobaki ni za maswali. Beba teoremu moja tu, na kabla hujaitaja toa mfano. Mara yangu ya kwanza nilianza na fasili sita, nafika kwenye matokeo muda umeisha, iliniuma sana kwa sababu ilikuwa kazi ya miaka miwili. Mara ya pili nikaanza na ziwa letu: lilijaa furu, wale samaki wadogo, miaka ya 1950 akaletwa sangara anayewala, baadaye furu wakapukutika. Ubaoni nikaandika mistari miwili:

x' = ax − bxy
y' = −cy + dxy

x ni idadi ya furu, y ya sangara, x' na y' ni kasi ya idadi hizo kubadilika, a ni kasi ya furu kuongezeka, c ni kasi ya sangara kufa, bxy ni furu wanaoliwa, dxy ni sangara wanaoongezeka kwa kula. Hapo hata mtu wa aljebra aliyekaa nyuma kabisa yuko na wewe.

Afu nikaenda kwa Volterra, mwanahisabati wa Italia aliyetumia milinganyo hii, 1926. Mkwewe D'Ancona alikuwa na takwimu za masoko ya samaki ya bahari ya Adriatiki, vita kuu ya kwanza ilipunguza uvuvi lakini sehemu ya papa na wenzake walao samaki ikaongezeka, kwa nini? Angalia msawazo, yaani pale idadi hazibadiliki, ambapo pia ndo wastani wa muda mrefu: x = c/d, y = a/b. Uvuvi ukipungua a inapanda na c inashuka, kwa hiyo wastani wa mwindaji unapanda, wa mawindo unashuka. Watu waliacha simu zao wakaanza kunakili.

Ila kwenye milinganyo hii mawindo hayatoweki kabisa, yanapanda na kushuka tu, wakati ziwani aina nyingi za furu zilipotea. Hapo kwenye hilo pengo ndo nikaweka teoremu yangu. Uthibitisho niliupa sentensi mbili, anayeutaka wote atakufuata kwenye chai.

Na chai usikimbie kwenda kukaa na Watanzania wenzako. Mfuate aliyekuuliza swali, mwombe akuandikie kwenye daftari lako kile alichokuwa anamaanisha, mimi swali moja la hivyo limenipa sura ya tatu ya tisisi.