Namna ya Kuzuia Kifua Kikuu Gerezani: Mwongozo kwa Askari Magereza na Ndugu wa Mahabusu wa Dar es Salaam

Magereza ya Ukonga, Keko na Segerea yamo ndani ya jiji. Karandinga hutoka asubuhi na kurudi jioni, askari hupokezana zamu kisha hurudi kwa familia zao, ndugu hupanga foleni kuwaona watu wao, na mahabusu hupelekwa Kisutu na mahakama nyinginezo, ambako hukaa na watu waliotoka kila kona ya mji. Kwa hiyo anayetaka kudhibiti maradhi ya kuambukiza gerezani aanze na sehemu wanapoingilia na kutokea watu. Mwongozo huu unaelemea zaidi kifua kikuu (TB), kwa kuwa vimelea vyake husafiri kwa hewa, na msongamano katika chumba kisichopitisha hewa ndio unaovipa nafasi.

Siku ya kupokelewa ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kabla mgeni hajalazwa na wenzake, aulizwe kama ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku, au kama amekonda bila sababu. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, kikohozi cha muda wowote kinatosha kumpeleka kwenye kipimo. Aulizwe pia kama amewahi kuanza dawa za TB akaziacha, swali ambalo husahaulika kwa urahisi ilhali ni zito, kwa sababu aliyekatisha dawa huenda akawa na vimelea sugu vinavyohitaji matibabu tofauti. Maswali haya yaulizwe faraghani na mhudumu wa afya. Mtu aliyepekuliwa muda mfupi uliopita mbele ya kundi hatazamiwi kusimulia maradhi yake mbele ya kundi hilohilo, na majibu ya "hapana" yanayopatikana kwa namna hiyo hayana faida kwa yeyote.

Makohozi yatolewe mahali pa wazi penye upepo, kamwe si ndani ya selo wala chooni. Mgonjwa asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili, kisha akohoe kutoka kifuani na kutema ndani ya kikopo bila kukichafua kwa nje. Kinachotakiwa ni kitu kizito, si mate meupe mepesi, na mhudumu akague kabla ya kufunga kifuniko, kwa maana sampuli ya mate inaweza kuleta jibu la kupotosha. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takribani saa mbili na huonyesha pia kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Hivyo kucheleweshwa kwa siku nyingi mara nyingi hutokana na usafirishaji wa sampuli, na hilo ni jambo ambalo mkuu wa gereza anaweza kulisimamia.

Ndani ya selo, madirisha yanayotazamana yaachwe wazi usiku na mchana, na nguo zisianikwe kwenye nondo zikaziba upepo. Mwenye dalili atengwe kwa ajili ya hewa, si kwa ajili ya adhabu, na avae barakoa ya kawaida anapokuwa na wenzake, wakati askari anayemhudumia avae ile nzito ya N95 iliyobana vizuri usoni. Hakuna haja ya kutenga sahani wala kikombe, kwani TB haiambukizwi kwa vyombo wala kwa sare. Nyampara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, asidharauliwe katika kazi hii: askari huhesabu watu, lakini anayelala nao ndiye anayejua nani hukohoa hadi alfajiri. Hata hivyo asikabidhiwe dawa wala orodha ya majina ya wagonjwa, maana siri ya mgonjwa ikigeuka mamlaka mikononi mwa mfungwa mwenzake, kesho hakuna atakayejitokeza.

Mgonjwa aliye katika majuma ya mwanzo ya dawa asipakiwe kwenye karandinga lililojaa. Mganga aiandikie mahakama mapema kuomba tarehe nyingine. Ikishindikana, asafirishwe peke yake, madirisha yakiwa wazi.

Askari nao wapimwe kila mwaka na kila wanapopata dalili, bila kuhofia kwamba ruhusa ya ugonjwa itawaharibia kazi. Askari akijichoma kwa wembe au sindano wakati wa upekuzi, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, kisha aende kituo cha afya saa hiyohiyo: dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72 na kutumiwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni vyema aipate mapema, kabla ya ajali. Upele, tofauti na TB, husafiri kwa mgusano, nguo na matandiko, hivyo chumba kizima kitibiwe siku moja na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, la sivyo utarudi. Katika mlipuko wa kipindupindu, maji ya kunywa yatiwe klorini na anayeharisha aanze ORS papo hapo.

Tiba ya kawaida ya TB huchukua miezi sita, nayo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mgonjwa aelezwe tangu mwanzo kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa, asije akadhani ni damu na kuacha vidonge. Askari wa kike anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amweleze mganga, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu yake.

Penye hatari zaidi ni siku ya kuachiwa. Mahabusu anaweza kupata dhamana mchana na kwenda moja kwa moja Mbagala au Tandika, huku vidonge vyake vikibaki katika zahanati ya gereza. Kwa hiyo siku anapoanza dawa, zahanati iandike namba ya simu ya ndugu na jina la kituo kilicho karibu na nyumbani, na kila anapokwenda mahakamani abebe nakala ya kadi ya matibabu na vidonge vya siku chache. Ndugu anayefika kumwona aulize, kwa ridhaa ya mgonjwa, namba yake ya usajili wa TB na ahakikishe ameihifadhi. Zahanati nayo ikipata taarifa ya kuachiwa, ipige simu kwenye kituo kile kesho yake. Kama mgonjwa hajafika, mhudumu wa jamii atumwe nyumbani kwake kabla wiki haijaisha, avae nguo za kawaida, na asitaje gereza mbele ya majirani.