Cheti cha DBA (msimamizi wa databesi): namna ya kukitafuta kikusaidie kweli

Watu wa databesi hawaishi kubishana, cheti kina maana au karatasi tu? Mi nasema kina maana ila inategemea umekipataje, kuna mtu anacho na databesi ikilala anaanza kugugo amri ya kwanza kabisa, na kuna fundi hasa ambaye sivii yake haifiki popote kwa sababu HR anachuja kwa vyeti.

Anza na databesi unayoshika kazini au inayotajwa sana kwenye kazi unazozitaka. Oracle wana vyeti vya ngazi, OCA, OCP mpaka OCM ya juu kabisa ambayo mtihani wake ni wa vitendo, unakalishwa kwenye mashine unafanya kazi. Microsoft walishastaafisha vyeti vyao vya MCSA na MCSE tangu 2021, kwa hiyo anayekuuzia kozi ya MCSA leo mpite tu, siku hizi ni cheti cha mtihani wa DP-300 ambacho unakihuisha kila mwaka onlaini bure. AWS nao walifuta cheti chao cha databesi 2024. Yaani kabla hujalipa chochote hakikisha mtihani bado upo.

Halafu pakua orodha rasmi ya mada, ni bure, na kila mada uifanye kwa mikono. Usisingizie hela ya leseni, PostgreSQL ni bure, SQL Server ya Microsoft ina Developer Edition ya bure, Oracle nao wana toleo la bure la kujifunzia.

Mada ya kukaa nayo muda mrefu ni bakapu, au tuseme kurudisha bakapu. Chukua PostgreSQL, washa kuhifadhi faili za WAL (kumbukumbu za kila badiliko la data), piga pg_basebackup (amri ya kuchukua bakapu ya seva nzima), ingiza data kidogo, angalia saa, halafu futa jedwali zima makusudi. Sasa lirudishe mpaka dakika moja kabla hujalifuta: unarudisha ile bakapu, unaweka restore_command na recovery_target_time kwenye postgresql.conf (faili la mipangilio) na faili tupu la recovery.signal, maana kuanzia toleo la 12 lile recovery.conf halipo tena na ukifuata maelekezo ya zamani seva inagoma kuwaka. Rudia mpaka uache kuangalia notisi.

Kwa nini nakazania hapo? Tarehe 31 Januari 2017 injinia wa GitLab (huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi code za programu) alifuta folda ya data kwenye seva siyo, kwenda kwenye bakapu hakuna kitu, pg_dump (amri iliyotakiwa kutoa bakapu) ilikuwa ya toleo la 9.2 na databesi ya PostgreSQL ni 9.6 so ilikuwa inafeli siku zote na barua pepe za kuonya hazifiki. Waliokolewa na snapshot (nakala ya diski) ya saa 6 nyuma, data ya hapo katikati ikaenda. Mafunzo mazuri yanakuzoesha kujaribu bakapu kabla hujaihitaji.

Yale majibu ya mitihani yanayouzwa mitandaoni achana nayo, ukishikwa cheti kinafutwa, na usiposhikwa intavyuu itakushika.

Kama bosi ndo analipia, omba kozi wakati kampuni inajiandaa kuhamia toleo jipya au klaudi, hapo hakatai kirahisi. Na kwenye sivii usiandike jina la cheti peke yake, ongeza mstari mmoja wa ulichofanya, mfano umerudisha databesi ya ukubwa gani kwa muda gani, hapo ndo maswali yataanzia.