Kabla ya kuchuma mbegu za maua ya porini

Kwanza jua unachuma nini. Yale maua makubwa ya manjano yaliyojaa kando ya barabara za Nairobi, ambayo wengi huyadhania ya kwetu, ni tithonia, na asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ukiyaotesha uani umejitafutia kazi ya kung'oa. Ukiwa na shaka, wataalamu wa mimea wako Makumbusho ya Taifa. Wapelekee kitawi chenye ua na majani.

Katika Mbuga ya Nairobi au Msitu wa Karura usichume bila kibali. Kiwanja kinachosubiri kujengwa kinatosha, mradi umemwomba mwenyewe. Tena huko usikawie, maana tingatinga halibishi hodi.

Halafu subira. Mbegu changa mara nyingi huoza kabla ya kuota. Marejea, ndugu wa mboga ya mitoo, haina siri: maganda hukauka, na ukiyatikisa yanalia kama kayamba. Yakiwa kimya, rudi wiki ijayo. Ngoja umande ukauke, chukua ganda moja katika kila matano yaliyokomaa, mengine uyaache. Beba bahasha za karatasi, kwani ndani ya nailoni mbegu hutoka jasho na kushika ukungu. Andika jina, mahali na tarehe papo hapo. Nina bahasha moja nyumbani ambayo hadi leo ni fumbo.

Makopo na mchanga tayarisha mwishoni mwa Februari au Septemba, ili miche ipokee mvua. Mbegu za marejea na za maua-kengele ya jamii ya viazi vitamu zina ganda gumu lisilopitisha maji. Kila mbegu isugue kwa msasa upande mmoja tu, taratibu, usifike kiini, kisha uiloweke usiku kucha katika maji ya uvuguvugu. Iliyovimba panda, iliyobaki kama kokoto irudie msasa. Pentasi, yale maua madogo ya umbo la nyota yanayokaa kwa vishada, ni kinyume: mbegu zake ni kama vumbi na zinataka mwanga, basi zinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia, na kopo ulisimamishe ndani ya beseni lenye maji kidogo linywe kutoka chini.

Gloriosa, lile ua la petali nyekundu zenye kingo za manjano, lina sumu hadi kwenye mbegu. Vaa glavu, weka mbali na watoto. Huweza kukaa miezi kabla ya kuchomoza, kwa hiyo kopo lake usilimwage.