Antibayotiki nyumbani: kuchanganya, kumeza na kutambua madhara

Baridi ikikaza Makete na Njombe, mafua huingia kila nyumba na watu hukimbilia duka la dawa kuomba "rangi mbili", yaani kapsuli za antibayotiki kama amoksilini. Mafua huletwa na virusi. Amoksilini huua bakteria kwa kubomoa ukuta unaowazunguka, na kirusi hana ukuta huo. Pima kwanza.

Ukiandikiwa mara 3 kwa siku, maana yake ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukizibananisha zote mchana, usiku dawa hupungua kwenye damu na bakteria waliobaki huzaana.

Dawa ya unga ya mtoto ndiyo inayokosewa zaidi. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, kwani ya moto huiharibu dawa. Gonga chupa unga uachane, tia maji hadi karibu na alama, funga, tikisa kwa nguvu. Povu likitulia utaona dawa iko chini ya alama. Ongeza maji yafike hapo hasa. Ukiruka hatua hii, mtoto anakunywa dawa nzito kuliko aliyoandikiwa. Usipime kwa kijiko cha chai cha jikoni, havilingani. Tumia sirinji au kijiko chenye alama ya mililita 5. Tikisa kila unapompa. Muda ulioandikwa kwenye chupa ukiisha, mara nyingi siku 7, mwaga.

Kwa wakubwa, shida huwa kwenye kikombe. Rungwe maziwa hayakosekani, lakini siprofloksasini usiishushie kwa maziwa wala mtindi: kalsiamu huinasa tumboni isiingie kwenye damu. Imeze kwa maji, saa 2 kabla ya kunywa maziwa. Doksisaiklini inataka glasi nzima ya maji na usilale kwa nusu saa, la sivyo hukwama na kuunguza koo. Anayetumia metronidazo aache ulanzi na pombe yoyote hadi siku 3 baada ya kidonge cha mwisho. Vikikutana huweza kuleta kutapika na moyo kwenda mbio.

Kichefuchefu, kuharisha kidogo, au ladha ya chuma na mkojo mweusi kwa metronidazo, visikutishe. Lakini midomo ikivimba, pumzi ikibana, ngozi ikitoa malengelenge, hasa kwa Septrin, au ukiharisha damu, acha dawa na uwahi hospitali saa hiyo hiyo. Nenda na pakiti yake, na uombe jina la dawa liandikwe kwenye kadi yako ili usipewe tena.