Somo: Mgeni akilalamikia walinzi wa hoteli, uanzie wapi?

Ndugu zangu wa mapokezi na mameneja wa zamu, somo hili nimeomba mwenyewe kulitoa, maana nililijifunza kwa kukosea.

Nilikuwa mapokezi, zamu ya usiku. Akaja kaunta mgeni mmoja, mama wa makamo, mikono inamtetemeka. Amelipia chumba siku tatu na hiyo ilikuwa ya pili. Mlinzi wa kwenye lifti alikuwa amemsimamisha mbele ya watu na kumuuliza, "Wewe unamfuata nani huko juu?" Nikafanya kile nilichozoea kufanya kwa malalamiko ya maji baridi na kelele za chumba cha jirani: nikampa pole ya harakaharaka, nikamwahidi chumba kikubwa zaidi na punguzo la usiku mmoja. Akanitazama, akasema, "Nimedhalilishwa mbele za watu, na wewe unaniongelea bei." Akaondoka.

Ukishika jambo hilo, hatua zote zinazofuata utazielewa. Bomba likivuja, mgeni amepungukiwa na huduma. Mlinzi akimtilia shaka, akimpekua kwa ukali, akiingia chumbani bila kubisha au kumfuatafuata koridoni, mgeni ameguswa utu wake, tena na mtu mliyemweka nyinyi ili amlinde. Punguzo halifiki hapo.

Hatua ya kwanza: mtoe mgeni hadharani, kisha msikilize

Usimalizie mazungumzo kaunta. Aliyeaibishwa mbele ya watu akisimulia aibu yake mbele ya watu wengine, unamwaibisha mara ya pili. Tafuta chumba au kona tulivu, mkae wote wawili. Mlinzi anayelalamikiwa asiwepo, wala asisimame mlangoni. Kama mgeni ni mwanamke na wewe ni mwanaume, muulize kama angependa mwenzako wa kike awepo.

Anza hivi: "Naomba unieleze tangu mwanzo, sitakukatiza." Halafu usimkatize kweli. Andika kwa maneno yake, usiyalainishe. Akisema "alinishika mkono", usiandike "alimwelekeza". Akimaliza, msomee ulichoandika, umuulize kama ndivyo ilivyokuwa. Nimeona watu waliofika wakifoka wakitulia wakisomewa maneno yao wenyewe, kabla hata hatujaamua lolote.

Kama ameguswa mwili, ameumizwa au amezuiliwa mahali, mengine yote yasubiri. Mpatie daktari, na mwambie wazi kwamba kwenda polisi ni haki yake. Usimshawishi asiende.

Hatua ya pili: pole na radhi, kila moja kwa wakati wake

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Lugha yetu imetupa neno la kumfariji mtu kwa yaliyompata, nalo ni pole. Imetupa na neno la kukiri kwamba tumemkosea: tunaomba radhi. Pole unaitoa papo hapo. Haihitaji upelelezi, kwa sababu mtu ameumia na unamwona. Radhi kwa kitendo cha mlinzi unaiomba ukishajua kwamba amekosa, na ukiiomba, iombe kwa ukamilifu, ukikitaja kitendo chenyewe.

Sentensi ya kuepuka kabisa ni hii: "Samahani kama umejisikia vibaya." Hiyo "kama" inamwambia mgeni kwamba tatizo ni hisia zake. Badala yake sema: "Pole sana kwa yaliyokupata. Nasikitika kwamba yamekupata ukiwa mgeni wetu. Naanza kufuatilia sasa hivi, na kesho saa nne asubuhi nitakuja kukueleza nilipofikia." Umemfariji, hujamhukumu mlinzi ambaye hujamsikia, na umetaja saa. Ila pole nayo ina mwisho. Ukiirudia mara tatu bila kuinuka kitini, mgeni anajua unamkwepa.

Msomaji anayedhani hili ni dogo akumbuke yaliyotokea Desemba 2018 katika hoteli ya DoubleTree mjini Portland, Marekani. Mgeni mweusi aliyekuwa na chumba pale alikuwa ukumbini akizungumza na mama yake kwa simu. Mlinzi akamwambia anazurura, polisi wakaitwa, akaondolewa hotelini. Meneja alikuwepo, akasimama upande wa mlinzi. Mgeni alikuwa amerekodi video, ikaenea. Siku chache baadaye hoteli iliomba radhi na wafanyakazi wawili wakafukuzwa kazi. Katika mkasa ule, mtu aliyekuwa na uwezo wa kubadilisha mambo kwa swali moja tu, "Ndugu, una chumba kwetu?", alikuwa meneja.

Hatua ya tatu: okoa ushahidi usiku huohuo

Kamera za ulinzi hazihifadhi picha milele. Diski ikijaa, mtambo unaandika picha mpya juu ya za zamani. Mahali pengine ni baada ya siku chache, pengine baada ya siku 30 hivi, kutegemea ukubwa wa diski na idadi ya kamera. Kwa hiyo usingoje barua rasmi ya malalamiko. Toa nakala ya kipande kinachohusika mara moja, na uanzie dakika kadhaa kabla ya tukio ili ionekane lilianzaje. Angalia na saa ya mtambo: mara nyingi inatofautiana na saa halisi, na tofauti hiyo iandike, la sivyo kesho utatafuta tukio la saa tatu kwenye picha za saa mbili na nusu.

Kumbuka kwamba kamera nyingi za hoteli hazichukui sauti. Utaona mkono ulionyooshwa, hutasikia tusi. Ndiyo maana majina ya mashahidi ni muhimu kama picha: mhudumu wa mizigo, mfanya usafi wa zamu, mgeni mwingine aliyekuwa akisubiri lifti.

Kama lalamiko ni mlinzi kuingia chumbani, kufuli za kadi zinaweka kumbukumbu ya kila kadi iliyofungua mlango na saa yake. Mwambie fundi aisome mapema, kwa sababu nayo ina kikomo. Chukua pia nakala ya ukurasa wa daftari la lindo kabla mtu hajaongeza mstari.

Mtu yeyote asichukue video ya skrini kwa simu yake na kuitupia kwenye kundi la wafanyakazi. Mle ndani kuna sura ya mgeni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa data binafsi iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inampa mtu haki ya kuomba nakala ya picha zake, na kwa kawaida anatakiwa kujibiwa ndani ya mwezi mmoja. Hata pasipo na sheria kama hiyo, zitunze kana kwamba ipo.

Hatua ya nne: mlinzi naye asikilizwe

Mwite peke yake, kabla zamu haijaisha, na aandike maelezo yake kabla hajaonyeshwa picha. Kama kuandika kunamsumbua, aseme, wewe uandike, umsomee, aweke sahihi. Muulize swali ambalo mameneja hawapendi kuliuliza: "Nani alikuagiza kufanya hivyo?" Mara nyingi nimekuta mlinzi alikuwa akitekeleza agizo la mdomo kutoka juu, la kuzuia "watu wa aina fulani" wasipande vyumbani. Ikiwa ni hivyo, kumwadhibu yeye peke yake ni dhuluma.

Usimlete mbele ya mgeni "wapatane". Ukimhamishia lindo jingine kwa siku mbili tatu, mweleze kwamba si adhabu.

Kama walinzi wenu ni wa kampuni ya nje, usimwambie mgeni "huyo si mfanyakazi wetu". Amesimama mlangoni kwenu. Iandikie kampuni siku hiyohiyo, omba maelezo na uangalie mkataba. Unaweza kudai asipangwe tena kwenu, lakini nidhamu ya ajira yake ni ya mwajiri wake.

Hatua ya tano: amua, rudi, sema

Saa uliyotaja ikifika, nenda, hata kama hujapata jibu kamili. Ukimaliza uchunguzi utakuwa na moja kati ya haya: mlinzi alikosa, mlinzi alikuwa na sababu ya kuuliza lakini alikosa adabu, au haikuthibitika. Hilo la katikati ndilo gumu, na mimi ndilo ninalokutana nalo zaidi. Usilitumie kumtetea mlinzi. Sema: "Kuomba kadi ya chumba ni utaratibu wetu. Kukuuliza unamfuata nani si utaratibu wetu, ni kosa, na tunakuomba radhi kwa hilo."

Mpe kwa maandishi, kifupi, ukitaja mlichochunguza na mnachobadilisha. Kiwango cha kimataifa cha kushughulikia malalamiko, ISO 10002, toleo la 2018, kinaelekeza vivyo hivyo: lalamiko lipokelewe rasmi, lifuatiliwe, na mlalamikaji ajulishwe uamuzi. Fidia, kama ipo, ije baada ya hapo, na isiambatane na sharti la kunyamaza.

Kisha lirekebishe kwenye kikao cha kubadilishana zamu. Walinzi wafundishwe sentensi moja, na waitumie kwa kila mtu bila kuchagua mavazi wala sura: "Habari za jioni. Naomba kuona kadi ya chumba, usiku tunawaomba wageni wote." Na kweli wawaombe wote.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mgeni amesimama kaunta, simu mkononi anarekodi, anataka mlinzi afukuzwe sasa hivi. Nifanyeje?*

Marahaba. Usimnyang'anye simu wala usiizibe kwa mkono. Ongea kama vile unarekodiwa mahakamani: taratibu, kwa heshima. Mwambie, "Uamuzi wa ajira siwezi kuutoa nikiwa hapa, na nikikuahidi nitakuwa nakudanganya. Ninaloweza sasa ni kuandika maelezo yako na kuhifadhi picha za kamera." Halafu mwalike mkae pembeni. Akikataa, yaandike palepale.

*Mimi ni mlinzi. Mgeni alikuwa amelewa, akanitukana mzazi wangu, nikamjibu. Yeye akalalamika, mimi nikakatwa mshahara bila kuulizwa. Hilo nalo ni haki?*

Pole sana, ndugu yangu. Kukuadhibu bila kukusikiliza ni makosa, na ndiyo sababu hatua ya nne ipo. Omba kwa maandishi uelezwe kosa na kifungu cha mkataba kilichotumika kukata mshahara. Kama una chama cha wafanyakazi, wapelekee. Kwa siku zijazo, mgeni akitukana, rudi hatua moja nyuma, ita mwenzako kwa redio, na uandike kwenye daftari la lindo maneno aliyotumia na saa. Ukimjibu, siku ya uchunguzi kutakuwa na matusi mawili mezani, na lako litaonekana kubwa kwa sababu wewe uko kazini. Si haki kamili, najua, lakini daftari litakutetea kuliko ulimi.

*Mgeni ameshaondoka, tumeona lalamiko lake mtandaoni. Tujibu au tunyamaze?*

Jibuni, mistari minne mitano. Pole, kwamba mmeanza kuchunguza, jina na cheo cha mtu wa kuwasiliana naye. Msitaje namba ya chumba, alikuwa na nani, wala alirudi saa ngapi, hata kama mnajua anasema uongo. Na msimtake alifute ndipo mmsaidie. Marekani ilitunga sheria mwaka 2016 inayobatilisha vifungu vya mikataba ya kawaida ya biashara vinavyomkataza mteja kutoa maoni yake.

*Naomba upande wa pili: mimi ndiye mgeni na hoteli imenyamaza. Nifanye nini?*

Andika leo, kwa barua pepe: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, sura au namba ya mlinzi kama uliiona, na ombi la wazi kwamba picha za kamera za muda huo zisifutwe. Tunza risiti na jina la uliyemwambia mara ya kwanza. Wakinyamaza, nenda makao makuu ya hoteli kama ni tawi, kampuni uliyopitia kuweka nafasi, kisha chombo cha kutetea wateja cha nchi husika. Uliguswa mwili au kuzuiliwa? Polisi, bila kuwasubiri wao.

*Kwetu meneja amesema asiamshwe usiku. Mimi ni wa mapokezi tu.*

Muombe aandike orodha ya mambo ambayo lazima aamshwe, nawe pendekeza liwemo hili: mgeni kuguswa, kupekuliwa au kuzuiliwa na mlinzi. Mpaka hapo, andika maelezo na omba wa kamera atunze kipande. Hayo mawili hayahitaji ruhusa ya mtu aliyelala.

*Mwalimu, yule mama wa mwanzo, mambo yaliishaje?*

Aliandika wiki tano baadaye, barua ndefu na ya heshima. Nilipokwenda chumba cha kamera, picha za usiku ule zilikuwa zimeshafutika. Mlinzi hakuwahi kuandikishwa maelezo, na kwa kumbukumbu yake alikuwa ameuliza tu namba ya chumba. Nilimjibu yule mama kwamba ninamwamini, kwamba kosa la kutohifadhi ushahidi ni langu, na kwamba tunamwomba radhi. Hakujibu.