Runinga Inapogoma Kuingia kwenye Wi-Fi

Kabla ya kugusa mpangilio wowote wa runinga, chukua simu, zima data yake, iunganishe na Wi-Fi ya nyumbani, kisha ufungue ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Simu ikishindwa, runinga haina kosa: huenda bando limeisha, ruta imeganda, au laini ya mtoa huduma imekatika, na hakuna kitufe cha rimoti kinachoweza kutibu hayo. Simu ikifaulu, ndipo uigeukie runinga. Hatua hii haimalizi dakika mbili, lakini nimeona nyumba kadhaa hapa Moshi ambako watu waliiruka, wakairudisha runinga katika hali ya kiwandani na kupoteza akaunti zote walizokuwa wameingiza, kumbe kifurushi kilikwisha tangu usiku.

Kinachofuata ni kuchomoa plagi ya runinga na ya ruta. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa kuwa runinga za kisasa husinzia tu. Subiri dakika moja, washa ruta, iache mpaka taa ya intaneti itulie, ndipo uwashe runinga. Utaratibu huo una maana hasa pale umeme unaporudi baada ya kukatika, kwani vifaa vyote viwili huwaka kwa pamoja, runinga ikautafuta mtandao ambao bado haujasimama, na baadhi yake hazirudii kuutafuta.

Kukatika kwa umeme huleta pia tatizo jingine linalowachanganya watu zaidi: runinga inaonyesha kuwa imeunganishwa, alama ya Wi-Fi imejaa, lakini YouTube haifunguki. Tazama tarehe. Mawasiliano ya intaneti hulindwa kwa vyeti vya kidijitali vyenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, hivyo runinga ambayo kalenda yake imerudi nyuma miaka kadhaa huviona vyeti hivyo kuwa bado havijaanza kutumika, ikakataa kuzungumza na seva. Weka tarehe na saa kwa mkono, ukichagua majira ya Afrika Mashariki, ambayo yako saa tatu mbele ya Greenwich. Kumbuka kwamba runinga haihesabu saa kwa Kiswahili. Saa tatu asubuhi kwake ni 9:00.

Jina la mtandao lisipoonekana kabisa kwenye orodha, chunguza masafa. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, ilhali runinga nyingi za bei nafuu husoma yale ya 2.4 pekee, kwa hiyo hakikisha hayajazimwa kwenye ruta. Mawimbi hayo ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, jambo lenye uzito katika nyumba ya tofali za saruji ambayo ruta yake imewekwa chumbani na runinga iko sebuleni. Ruta iliyofichwa nyuma ya runinga yenyewe, au juu ya friji, nayo hudhoofika, kwa sababu chuma huzuia mawimbi. Kwa runinga ya zamani, au ya mtumba, jaribu pia kubadili ulinzi wa neno la siri kwenye ruta kutoka WPA3, ambao ni mpya, kwenda WPA2, ule wa zamani kidogo.

Jina likionekana lakini neno la siri likakataliwa, liandike upya polepole ukizingatia herufi kubwa na ndogo. Likikubaliwa bila intaneti kupatikana, fungua taarifa za mtandao: anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha runinga kwenye mtandao, ikianza na 169.254 ina maana kwamba ruta haikuigawia runinga anwani, na mara nyingi dawa ni kuusahau mtandao huo na kujiunga upya, au kuondoa baadhi ya vifaa ikiwa ruta ni ile ndogo ya mfukoni. Anwani ikiwa sawa, badilisha DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, iwe 8.8.8.8, ambayo ni ya Google.

Yote yakishindikana, washa hotspoti ya simu na uiunganishe runinga humo. Ikikubali, mgogoro uko kwenye ruta; ikikataa, sasisha programu ya runinga kwa flashi, na hapo tu ndipo hali ya kiwandani inapostahili kufikiriwa. Mimi, runinga ikiwa na tundu la waya wa mtandao, huacha ubishi na mawimbi nikavuta waya, ambao hufanya kazi vizuri hadi mita 100.