Jinsi ya kutafuta chanzo cha ugonjwa hatua kwa hatua (mfano wa sumukuvu, Kenya 2004)

Watu wakianza kuumwa kwa mkupuo kila mtu ana jibu lake, mara maji, mara wamerogwa, mara virusi. Usibishane na mtu, fuata hatua. Natumia mlipuko wa sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi) wa Makueni, Kitui na wilaya jirani, wagonjwa 317 na vifo 125.

Hatua ya 1: Andika nani anahesabiwa mgonjwa. Mfano: aliyepata macho ya njano ghafla, tangu mwezi fulani, anaishi wilaya hizi. Bila hiyo utachanganya kila homa.

Hatua ya 2: Panga nani, wapi, lini. Daftari la wodi linatosha kuanzia. Macho ya njano lazima yakupeleke kwenye homa ya ini ya virusi kwanza, na kule walipima kweli, wakaona siyo. Ila Machakos ilishaugua hivi 1981 kwa mahindi yenye ukungu, kwahiyo dhana ya pili ilikuwepo tayari.

Hatua ya 3: Nenda kwa wazima. Hapa ndo wengi wanaharibu. Unauliza wagonjwa wanakula nini, wote wanasema ugali, unashangilia, kumbe na majirani wazima wanakula ugali huohuo! Kule walichukua wagonjwa 40 na wazima 80 wakawauliza maswali yaleyale, na wakapima mahindi ya nyumbani kwao.

Hesabu yenyewe iko hivi (namba za kufundishia tu). Wagonjwa 40: 30 waliweka mahindi ndani ya nyumba, 10 ghalani, 30 kwa 10 ni 3. Wazima 80: 16 ndani, 64 ghalani, hiyo ni 0.25. Gawanya 3 kwa 0.25 unapata 12. Ingekuwa 1 maana yake kuweka ndani hakuhusiani na ugonjwa, lakini 12 ni kubwa, fuatilia.

Hatua ya 4: Jaribu kuivunja dhana yako. Je, walikula kabla ya kuugua? Mahindi ya wagonjwa yana sumu nyingi kuliko ya wazima? Damu yao je? Kule majibu yote yalikubaliana.

Hatua ya 5: Usiishie kwenye kuvu. Uliza kwanini sumu ilifika kwenye sahani. Ukame ulileta njaa, mvua ikalowesha mavuno, mahindi yakawekwa ndani yakiwa mabichi, na mwenye njaa hatupi chakula. Ukiandika "sumukuvu" peke yake kwenye ripoti, mama wa Kitui umemsaidia nini?

Hatua ya 6: Chukua hatua, endelea kuhesabu. Badilisha mahindi mabovu kwa chakula salama hata kama majibu mengine ya maabara bado. Kisha usifunge daftari wagonjwa wakipungua, subiri mavuno yajayo, maana 2005 ugonjwa ulirudi maeneo yaleyale.